Leseni hufika 2038 kabla ya saa: mwongozo kamili wa kukagua tarehe za mwisho za programu

Usiku wa tarehe 12 kuamkia 13 Mei 2006, seva zilizokuwa zikitumia AOLserver, programu ya kuendesha tovuti, zilianza kuanguka bila mtu kuzigusa. Chanzo kilikuwa mpangilio mmoja tu. Aliyeuweka alitaka kusema "ombi hili lisikatizwe kamwe", na kwa kuwa programu ilitaka namba, akaandika sekunde 1,000,000,000, yaani karibu miaka 32. Ilipofika 01:27:28 UTC (saa ya kimataifa), sekunde ambazo kompyuta huhesabu tangu 1970 zikijumlishwa na bilioni moja zilizidi 2,147,483,647. Hiyo ndiyo namba kubwa kuliko zote inayoingia kwenye biti 32 pale ambapo biti moja imetengwa kwa ajili ya alama ya hasi. Jumla ikageuka hasi, na ombi ambalo lisingeisha kamwe likahesabiwa kuwa lilikwisha kitambo.

Nimeanza na kisa hicho kwa sababu leseni za programu zina tabia ileile. Programu ya kawaida huiuliza kompyuta "sasa ni lini?", na hata ile ya biti 32 itapata jibu sahihi mpaka 2038. Leseni huuliza pia "mwisho ni lini?", na swali hilo linaruka mbele miaka 5, 10, hata 90. Kwa hiyo leseni ya miaka 10 inayotolewa baada ya 19 Januari 2028 inavuka mpaka. Ya miaka 20 imekuwa ikivuka tangu Januari 2018. Ile ya kudumu iliyoandikwa kwa tarehe ya mbali ilikuwa hatarini tangu siku ilipotengenezwa, ikiwa mahali popote njiani tarehe hiyo inabanwa kwenye biti 32.

Mwongozo huu ni wa watu wawili: anayetunza kompyuta zenye programu za kulipia, na anayeandika programu inayouzwa kwa leseni. Hatua tano za kwanza na ya mwisho zinawahusu wote. Ya sita ni ya mwandishi wa programu zaidi. Saa zote nimeziandika kama kompyuta inavyoziandika, kwa UTC, kwa hiyo 03:14 ni saa tisa na dakika kumi na nne usiku, si saa tatu.

Hatua ya kwanza: zijue kuta

Mfumo wa Unix huhesabu sekunde tangu 1 Januari 1970. Kwa biti 32 zenye alama, sekunde ya mwisho ni 19 Januari 2038, 03:14:07. Sekunde inayofuata, hesabu hurudi 13 Desemba 1901, 20:45:52. Huo ndio ukuta mkuu, lakini si wa pekee:

- 31 Desemba 2029: programu nyingi za zamani za Windows zinazosoma mwaka kwa tarakimu mbili huichukulia 29 kuwa 2029 na 30 kuwa 1930. Leseni iliyoandikwa "30/06/30" ikisomwa hivyo imekwisha karibu karne nzima iliyopita.
- 7 Februari 2036: NTP, itifaki ya kusawazisha saa mtandaoni, huhesabu tangu 1900 kwa biti 32 zisizo na alama, na duru yake ya kwanza inaisha siku hiyo, 06:28:16.
- Novemba 2038: GPS huhesabu wiki 1,024 kisha huanza upya. Ilishafanya hivyo Agosti 1999 na Aprili 2019. Inawahusu wanaochukua saa kutoka kwenye kipokezi cha GPS.
- 7 Februari 2106: ukuta wa sekunde za Unix zikihifadhiwa kwa biti 32 zisizo na alama.

Kuna na ukuta mdogo ambao watu huusahau: milisekunde. Biti 32 zenye alama hubeba milisekunde za siku 24 na saa 20 na ushei. Utauona kwenye hatua ya sita.

Hatua ya pili: orodhesha leseni na mahali tarehe zilipo

Fungua jedwali lenye jina la programu, toleo, tarehe ya mwisho inayoonyeshwa, mahali inapohifadhiwa, na nani anaithibitisha. Safu ya nne ndiyo yenye kazi. Tarehe ya leseni moja huweza kukaa sehemu tatu kwa wakati mmoja: kwenye faili la leseni, kwenye hifadhidata ya seva ya leseni, na kwenye kumbukumbu ya siri ambamo programu huandika mara ya mwisho ilipofunguliwa. Zingine hukaa ndani ya kifaa cha USB kinachochomekwa kama ufunguo, na hicho mara nyingi hakibadiliki bila kurudishwa kwa muuzaji.

Kwa faili la maandishi, lifungue tu ulisome. Mafaili ya FlexLM, yanayotumika kwenye programu nyingi za uhandisi, huandika leseni isiyoisha kwa neno permanent au kwa tarehe yenye mwaka 0, kama 1-jan-0. Huo ni mtindo mzuri, maana hakuna tarehe ya mbali ya kuhesabu. Ukikuta 31-dec-2099 au 9999-12-31, ipigie mstari mwekundu.

Usisahau vyeti vya usalama. Programu inayothibitisha leseni kwa saini ya kidijitali ina cheti, na cheti nacho kina mwisho wake. Desemba 2018 cheti kilichokwisha ndani ya programu za Ericsson kiliwakatia mtandao mamilioni ya wateja wa simu, wakiwemo wa O2 Uingereza na SoftBank Japani. Kwa cheti kilicho kwenye faili, amri ni:

openssl x509 -noout -enddate -in cheti.pem

Hatua ya tatu: piga hesabu ya tarehe za mbali

Chukua kila tarehe uliyoipigia mstari, uigeuze kuwa sekunde. Kwenye Linux:

date -u -d "2099-12-31" +%s

Jibu ni 4102358400. Linganisha na 2147483647. Limezidi, kwa hiyo haliingii. Kinachofuata kinategemea mwandishi wa programu: wengine hulikataa faili, wengine hulipunguza hadi ukutani, na wengine, ambao ndio wabaya, hukata biti za juu bila kusema neno. Ili kuona kitakachosomeka baada ya kukatwa, toa 4294967296:

4102358400 − 4294967296 = −192608896

date -u -d @-192608896

Kompyuta itakujibu 24 Novemba 1963, 17:31:44. Mteja aliyeuziwa leseni ya hadi mwisho wa karne anaambiwa imekwisha kabla Unix yenyewe haijaandikwa. Na ile 9999-12-31 23:59:59? Ni sekunde 253402300799. Ikikatwa inabaki −769665, yaani 23 Desemba 1969. Ukiwahi kuona ujumbe wa "leseni imekwisha" wenye mwaka wa 1963, 1969 au 1901, usihangaike kuisakinisha programu upya. Nenda moja kwa moja kwenye tarehe ya mwisho.

Mwaka 1970 una maana nyingine. Mara nyingi huo ni sifuri: ama tarehe haikusomeka kabisa, ama kompyuta imewaka bila kujua saa.

Hatua ya nne: kagua kilicho chini ya programu

Programu nzuri juu ya hifadhidata mbovu bado ni mbovu. Kagua tabaka kwa tabaka.

Mfumo wa uendeshaji: Linux ya biti 64 haina shida hii kwenye saa yake. Ya biti 32 ilipata msaada kamili kwenye kerneli 5.6 ya mwaka 2020, lakini programu zilizojengwa juu ya glibc, maktaba ya msingi ya Linux, zinahitaji toleo 2.34 au zaidi na kujengwa upya kwa -D_TIME_BITS=64 pamoja na -D_FILE_OFFSET_BITS=64. OpenBSD ilimaliza kazi hii 2014. Debian 13 iliyotoka 2025 imehamia sekunde za biti 64 hata kwa vichakato vya ARM vya biti 32, lakini i386, yaani vichakato vya biti 32 vya aina ya Intel, imeachwa kama ilivyokuwa, ili programu kongwe zisivunjike. Kwa hiyo kama una programu ya zamani ya kulipia iliyojengwa kwa i386, usitegemee sasisho la mfumo likuokoe.

Diski: mfumo wa mafaili wa ext4 wenye inodi (rekodi zinazotunza tarehe za kila faili) za baiti 128 huishia 2038, zenye baiti 256 hufika 2446. Angalia hivi:

tune2fs -l /dev/sda1 | grep "Inode size"

Kwenye XFS, mfumo mwingine wa mafaili, tafuta bigtime=1 katika majibu ya xfs_info. Hili lina uzito kwa leseni kwa sababu baadhi ya walinzi wa leseni (sehemu za programu zinazoilinda) huangalia tarehe za mafaili ya mfumo ili kumkamata anayerudisha saa nyuma. Faili lenye tarehe ya ajabu humfanya mtu asiye na hatia aonekane mwizi.

Hifadhidata: hapa ndipo nimeona makosa mengi kuliko kwingine. Safu ya aina ya TIMESTAMP kwenye MySQL huishia 2038-01-19 03:14:07, wakati DATETIME hufika 9999. Wasanidi hupenda TIMESTAMP kwa sababu hujishughulikia yenyewe kwa maeneo ya saa, na inafaa kabisa kwa "mteja aliingia lini". Kwa "leseni inaisha lini" haifai. MariaDB iliongeza kikomo chake hadi 2106 kuanzia toleo 11.5 kwenye mifumo ya biti 64, jambo linalosaidia, ila tarehe ya 2106 nayo ni ukuta.

Hatua ya tano: jaribu, lakini si kwenye mashine ya kazi

Niliwahi kuitwa kwenye ofisi moja ambako programu ya hesabu ilikataa kufunguka. Betri ndogo ya kwenye ubao mama ilikuwa imekufa, saa ikarudi mwaka wa kutengenezwa. Fundi alibadilisha betri vizuri, ila wakati wa kuandika mwaka akaweka 2041 badala ya 2014. Mhasibu akaifungua programu, akaona tarehe si sahihi, akaifunga. Sekunde chache tu. Mwaka ukarekebishwa, na kuanzia hapo kila wakiifungua wanaambiwa saa imerudishwa nyuma na leseni imefungwa. Programu ilikuwa imeandika mahali kwamba "mara ya mwisho kuonekana ilikuwa 2041", na kwa hesabu yake ingesubiri miaka 27. Ilibidi muuzaji atume namba ya kufungulia, na siku tatu zilipotea.

Kwa hiyo jaribio la 2038 fanya kwenye mashine pepe (kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta) uliyoitengeneza kwa kazi hiyo, na baadaye uifute. Usirudishe snapshoti (nakala ya hali ya awali) ya mashine ya kazi. Leseni nyingi huona saa imeruka nyuma, au hutambua kuwa mashine ni nakala. Utaratibu wangu ni huu:

1. Kata intaneti ya mashine pepe. La sivyo saa itasawazishwa upya katikati ya jaribio, au, vibaya zaidi, seva ya muuzaji itapokea taarifa ya mwaka 2038 na kuifunga leseni yako halisi.
2. Zima usawazishaji: timedatectl set-ntp false. Zima pia ule wa programu ya mashine pepe yenyewe. Huo ndio husahaulika.
3. Ukitumia QEMU, programu ya mashine pepe, iwashe kwa -rtc base=2038-01-19T03:13:00, uiache ivuke ukuta ikiwa inafanya kazi. Kuwasha baada ya ukuta na kuvuka ukiwa ndani ni majaribio mawili tofauti. Fanya yote mawili.
4. Kwa programu moja bila kugusa saa ya mashine, tumia faketime: TZ=UTC faketime '2038-01-19 03:13:50' ./programu. Haifanyi kazi kwa programu zilizobeba maktaba zake zote ndani, kwa hiyo hakikisha kwanza kuwa saa inayoonekana imebadilika kweli.
5. Rudi kwenye saa ya leo, kisha pakia leseni inayoisha 2040. Hili ndilo jaribio la maana kuliko yote, kwa sababu linaweza kukuumiza leo.

Tahadhari moja: ukipeleka saa 2038, karibu vyeti vyote vya tovuti vitakuwa vimekwisha, na kila muunganisho salama utakataliwa. Makosa utakayoyaona huenda hayahusiani kabisa na biti 32. Soma ujumbe wa kosa kabla ya kumlaumu mtu.

Ongeza majaribio ya 29 Februari. Tarehe 29 Februari 2012 huduma ya Windows Azure ilianguka kwa sababu programu ilitengeneza cheti cha mwaka mmoja kwa kuongeza 1 kwenye mwaka, ikapata 29 Februari 2013, siku isiyokuwepo. Leseni nyingi za mwaka mmoja huhesabiwa kwa njia hiyohiyo.

Hatua ya sita: ukiwa wewe ndiye unayetoa leseni

Tenganisha "kudumu" na tarehe. Weka sehemu moja inayosema aina ya leseni, na tarehe ya mwisho iwepo tu kama leseni ina mwisho. Bilioni moja ya AOLserver, 2099, 9999 na −1 ni kosa lilelile: namba iliyovikwa maana ya "kamwe".

Tarehe iandike kama maandishi, 2041-06-30, wala si sekunde. Hapo hapo andika sheria ya mwisho wa siku. Kati ya eneo la saa la mashariki kabisa na la magharibi kabisa kuna saa 26, na siku "inaisha" kwa nyakati tofauti. Mimi humpa mteja faida: leseni ya tarehe 30 hufa 12:00 UTC ya tarehe 1, wakati siku ya 30 imeisha kila mahali duniani. Malalamiko hupungua sana.

Ndani ya programu tumia sekunde za biti 64 kila mahali. Kwenye C, weka static_assert(sizeof(time_t) == 8, "") ili ujenzi ugome mapema. Visual C++ hutumia biti 64 tangu toleo la 2005, isipokuwa mtu awe ameweka _USE_32BIT_TIME_T. Kwenye Java tafuta (int) iliyo mbele ya currentTimeMillis. Kwenye JavaScript tafuta | 0, ujanja wa kukata desimali ambao pia hukata namba hadi biti 32.

Na hapa ndipo milisekunde zinarudi. Ukiandika setTimeout (kipima muda cha JavaScript) ya siku 30 ili ukaguzi wa leseni ufanyike mara moja kwa mwezi, unaomba milisekunde 2,592,000,000. Kikomo ni 2,147,483,647. Kipima muda hakisubiri siku 24 wala 30. Hulia papo hapo. Kama kila kikilia kinajipanga upya, programu itaipiga seva yako ya leseni bila kupumua. Weka kipima muda cha saa moja, na kila kikilia linganisha tarehe.

Leseni za zamani zilizokwishatolewa zina shida yake. Sehemu ya tarehe iko ndani ya saini, huwezi kuipanua bila kutoa leseni upya. Kama namba zote ni chanya, unaweza kuisoma sehemu ileile kama biti 32 zisizo na alama: leseni zote za zamani zitasomeka vilevile, nawe utafika 2106. Ila kagua kwanza kama kuna mahali −1 ilitumika kumaanisha haina mwisho. Hapo itageuka 7 Februari 2106, 06:28:15, na mteja mwenye leseni ya kudumu ataona tarehe hiyo ya ajabu kwenye skrini yake.

Ulinzi wa kurudisha saa nyuma uwe na huruma. Saa hukosea kwa betri, kwa mashine pepe, kwa kidole cha fundi. Usiamini alama ya "mara ya mwisho" iliyoruka mbele zaidi ya, tuseme, mwaka mmoja bila kuthibitishwa na saa iliyosainiwa kutoka kwenye seva. Ukiona saa imerudi nyuma, onya, toa siku kadhaa za ziada, kisha ndipo ufunge. Kupima muda wa kikao tumia CLOCK_MONOTONIC, isiyosukumwa mtu anapobadilisha tarehe. Kwa leseni ya siku nyingi haitoshi, maana huanza upya kila kompyuta inapowashwa.

Kabla ya kutoa toleo, tafuta tarehe za beta zilizosahaulika. Tarehe 12 Agosti 2008, mashine pepe za VMware ESX 3.5 Update 2 ziligoma kuwashwa kwa sababu kikomo cha toleo la majaribio kilibaki ndani ya toleo la wateja. Njia ya haraka waliyokuwa nayo wasimamizi ilikuwa kuzima NTP na kurudisha saa nyuma, kitu kilekile ambacho walinzi wa leseni hukihesabu kuwa wizi.

Hatua ya saba: muulize muuzaji kwa maandishi

Kwa kila programu iliyobaki na mstari mwekundu, usiulize "je, mko tayari kwa 2038?" Jibu litakuwa ndiyo, na halitakusaidia. Uliza tarehe ya mwisho inahifadhiwa kwa biti ngapi. "Kudumu" huandikwaje ndani ya faili. Kifaa cha USB kinaweza kusasishwa hapo ulipo au lazima kirudishwe. Na nani atakayefungua leseni iliyojifunga kwa kosa la saa endapo kampuni haitakuwepo tena.

Kisha omba leseni ya majaribio inayoisha 2040-01-01. Ikija, ipakie kwenye ile mashine pepe, fungua dirisha la maelezo ya leseni, usome mwaka uliopo. Piga picha ya skrini, uiambatanishe na mkataba.